Kibarua cha korosho au kazi ya kambini? Ulinganisho wa malipo ya msimu kwa kijana wa Mtwara na Lindi

Masika yakikatika, kambi za watalii na za uwindaji zilizofungwa wakati wa mvua huanza kuita watu: wapishi, wahudumu wa meza, watandika vitanda, dobi, fundi wa jenereta, askari wa usiku. Kijana wa Nachingwea au Masasi anapigiwa simu: "Laki moja na tisini na tano kwa mwezi, kula kulala juu yetu." Anaitazama namba hiyo, anakumbuka kwamba Oktoba ghala za korosho zitafunguka, na kwamba mbeba magunia mwenye nguvu huondoka na elfu kumi na tano kwa siku. Anazidisha mara siku 26, anapata 390,000. Mara mbili ya kambi. Anamjibu mpigaji kwamba atafikiria, na hapigi tena.

Kuzidisha kwake ni sahihi. Kilichomponza ni zile siku 26, halafu chakula, halafu chumba. Kazi za msimu hulinganishwa kwa fedha inayobaki mkononi siku ya kuondoka, pamoja na ile iliyowekwa kwa jina lako mahali usipoweza kuigusa. Hivyo ndivyo tutakavyozipima hapa. Viwango vya mishahara, bei na nauli tunavyotumia ni vya mfano, ondoa yetu weka vyako. Masharti ya sheria si ya mfano, na ni haki yako hata kama hukuyasoma.

Korosho si kazi moja

Anayesema "nakwenda kwenye korosho" anaweza kuwa anazungumzia kazi tatu zisizofanana kwa malipo.

Shambani kuna palizi, kupuliza salfa kati ya Juni na Agosti kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, kisha kuokota kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Januari. Malipo huwa kwa mti, kwa bomba, kwa ndoo au kwa siku, na mara nyingi ni makubaliano ya mdomo na mwenye shamba. Hatutakaa sana hapa. Ukijua mwenye shamba ni mlipaji, fanya. Kama analipa baada ya kuuza, jua kwamba umemkopesha jasho mpaka mnada upite na fedha iingie kwenye akaunti yake.

Ghalani ndiko kwenye malipo ya kuvutia. Korosho za wakulima hukusanywa na AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, hupelekwa maghala makuu, na huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vikuu vya ushirika: MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao. Kazi huja kwa mawimbi. Kabla ya mnada magari yanashusha, baada ya mnunuzi kulipa na kupewa kibali cha kutoa mzigo, magari yanapakia kwenda Bandari ya Mtwara. Katikati hapo geti linaweza kukaa kimya siku tatu, nne, na ukimya huo haulipwi. Mnunuzi akichelewesha malipo, mvua ikinyesha, au mzigo ukikutwa na unyevu na kurudishwa kuanikwa, vibarua wote mnakaa chini ya mwembe.

Malipo ya ghalani kwa kawaida huhesabiwa kwa gunia na kupewa kundi. Chukua gari la tani 30. Gunia la juti la korosho ghafi lina kilo kama 80, kwa hiyo gari hilo ni magunia 375 hivi. Kwa shilingi 200 kwa gunia kundi linapata 75,000. Mkiwa wanane, kila mtu 9,375. Lakini kama kiongozi wa kundi anajihesabia mafungu mawili, gawio ni la tisa, na wewe unapata 8,333. Hakuna ubaya kiongozi kulipwa zaidi kwa kutafuta kazi na kusimama na karani, ubaya ni kulijua hilo jioni. Ulizeni asubuhi, mbele ya wote. Na mmoja wenu awe na daftari lenye namba ya gari, idadi ya magunia, majina ya waliobeba na saini ya karani. Migogoro mingi ya ghalani huanza kwa magunia kumi au kumi na tano ambayo kila upande unayahesabu tofauti, na asiye na maandishi hushindwa.

Kazi ya tatu ni kiwandani. Hapa korosho husafishwa, huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, hupumzishwa, hubanguliwa, hukaushwa kwenye tanuri, humenywa ganda jembamba la ndani, kisha hupangwa kwa madaraja. Mbanguaji na mmenyaji hulipwa kwa kilo ya karanga zilizotoka, yaani kiini cha korosho. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kama kilo moja ya karanga, na karanga nzima ina bei, iliyovunjika ina bei ndogo au haina kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza kiwandani liwe hili: zilizovunjika mnalipaje?

Kuvunjika hakutokani na mkono wa mbanguaji peke yake. Mvuke ukiwa mdogo ganda linabaki gumu na karanga inashikana nalo. Korosho zisipopumzishwa vya kutosha baada ya mvuke, karanga inakuwa laini na kukatika. Ukubwa ukichanganywa kwenye mashine iliyowekewa kipimo kimoja, kisu kinaingia mpaka kwenye karanga. Makosa yote matatu ni ya hatua zilizotangulia, lakini anayepungukiwa ni wewe uliyekaa mwisho wa foleni. Ukiona siku moja zilizovunjika zimepanda ghafla kwa kila mtu kwenye benchi, mwiteni msimamizi palepale aone mzigo ule, msisubiri siku ya malipo. Swali la pili ni kama mizani hupimwa kabla ya tanuri au baada, kwa sababu karanga ikikauka hupoteza uzito. Kabla ni faida kwako.

Lipo pia suala la mikono. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Glavu au mafuta ya kujipaka si zawadi, ni zana ya kazi. Kiwanda kinachokukata fedha ya glavu kimekupunguzia kilo.

Ili ujue kama kilo zako zina maana, zigeuze ziwe saa. Ukitoa kilo 9 kwa siku kwa shilingi 700, ni 6,300. Ukiwa umekaa saa 9, ni 700 kwa saa. Linganisha na safu ya malipo kwa saa kwenye Amri ya Mshahara ya sekta binafsi, iliyobadilishwa kuanzia 1 Januari 2026. Amri hiyo inataja kila sekta kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Ofisi ya kazi ya mkoa inayo. Mtu mpya asitegemee kilo za mzoefu. Wiki mbili za kwanza mikono bado inajifunza, kwa hiyo uliza kama kuna malipo ya mafunzo.

Kambini: mshahara mdogo usiotoboka

Kambi za watalii na za uwindaji zinazomgusa kijana wa huku ziko upande wa Liwale na Pori la Akiba la Selous, nyingine kwenye mapori ya Lukwika-Lumesule, kule Nanyumbu, na Msanjesi, pamoja na nyumba za wageni za pwani za Kilwa Masoko, Mikindani na Msimbati. Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa 1 Julai. Kambi za porini hufunga mvua zinapoharibu barabara, na mwenye kuijua njia ya Liwale wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini.

Malipo hapa ni kwa mwezi, na mambo manne hukaa juu yake: chakula, malazi, sare na usafiri wa kuingia na kutoka. Kila kimoja kiulizwe kivyake. "Kula" inaweza kuwa milo mitatu yenye mboga, au ugali na maharage siku zote thelathini. "Kulala" inaweza kuwa chumba cha watu wawili chenye chandarua, au hema la watu sita. "Usafiri" unaweza kuanzia nyumbani kwako Newala, au kuanzia Liwale mjini tu, nauli ya kufika hapo ikiwa yako.

Halafu kuna tipu. Kambi nyingi zina sanduku moja, fedha ikagawanywa kwa wote, kuanzia anayeosha sufuria mpaka anayemwaga chai. Nyingine humwachia kila mtu alichopewa, na hapo dereva na muongozaji hupata, mpishi na dobi hukosa. Ukiwa wa jikoni, utaratibu wa sanduku una thamani kuliko nyongeza ya elfu kumi ya mshahara. Tipu isihesabiwe kabisa kwenye mshahara mnaokubaliana. Mwajiri akisema "mshahara laki na nusu, tipu zitakufikisha laki mbili na nusu", ofa yake ni laki na nusu.

Saa za kazi ndipo kambi zinapolalamikiwa zaidi. Mgeni hupewa chai saa 11 alfajiri kabla ya kutoka, na chakula cha usiku huisha saa 4. Mhudumu mmoja akisimama vyote viwili, siku yake imefika saa 17. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku 6. Makubaliano ya maandishi yanaweza kuruhusu hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwemo, bila malipo ya ziada, ila kwa siku zisizozidi 5 na bado saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni muda wa ziada, na kikomo chake ni saa 50 katika wiki nne.

Tumechagua mshahara wa 195,000 kwenye mfano kwa sababu unagawanyika vizuri. Mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wiki, ambayo ni 45,000. Wiki ya siku 6 inatoa 7,500 kwa siku. Saa 45 zinatoa 1,000 kwa saa. Kutoka hapo kila kitu kinahesabika:

Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, 1,500. Saa ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili, 2,000. Saa ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, shilingi 50. Askari wa kambi anayefanya saa 9 za usiku kwa usiku 26 anastahili nyongeza ya 11,700 kwa mwezi. Ni ndogo, na ndiyo maana husahaulika kirahisi kwenye karatasi ya mshahara.

Kambi nyingi zina mzunguko, mfano wiki sita kazini na mbili nyumbani. Uliza kama zile wiki mbili zinalipwa, maana zisipolipwa mshahara wako halisi umeshuka kwa robo. Na wiki sita mfululizo hazifuti pumziko la saa 24 kila wiki ukiwa hukohuko porini.

Hesabu ya wiki 13

Tuchukue miezi mitatu. Kambini, 195,000 kila mwezi, mwajiri anatoa chakula, malazi na usafiri. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa upande wako ni asilimia 10, yaani 19,500. Kodi ya PAYE, ile inayokatwa kwenye mshahara, haikugusi, kwa sababu huanza juu ya shilingi 270,000 kwa mwezi. Ghalani, elfu 15 kwa siku ya kazi, lakini siku za kazi zikiwa 4 kwa wiki kwa wastani, jumla siku 52. Tumeweka wabeba mizigo wawili: mgeni aliyetoka Liwale akapanga chumba Mtwara mjini, na mwenyeji anayeishi kwao jirani na ghala.

| | Kambini | Ghalani, mgeni | Ghalani, mwenyeji |
|---|---|---|---|
| Mapato | 585,000 | 780,000 | 780,000 |
| NSSF ya mfanyakazi | 58,500 | 0 | 0 |
| Chakula | 0 | 364,000 | 104,000 |
| Chumba | 0 | 90,000 | 0 |
| Usafiri wa kila siku | 0 | 104,000 | 52,000 |
| Sabuni, vocha, mengineyo | 45,000 | 45,000 | 45,000 |
| Kinachobaki | 481,500 | 177,000 | 579,000 |
| Kilicho NSSF kwa jina lako | 117,000 | 0 | 0 |

Chakula cha mgeni ni 4,000 kwa siku kwa siku 91, maana tumbo halijui kama geti limefungwa. Mwenyeji analipia chakula cha mchana tu siku za kazi, 2,000. Bodaboda ya mgeni ni 2,000 kwa siku, ya mwenyeji 1,000.

Jedwali hili lina jambo moja ambalo watu hulipuuza: anakolala mtu kuna uzito kuliko anacholipwa. Mwenyeji wa Mtwara mjini, Masasi au Ruangwa anayelala kwao anaongoza kwa fedha taslimu, na anapitwa kidogo tu na kambi ukijumlisha NSSF. Mgeni wa kupanga anaachwa mbali, na hajatozwa bado ada za kutoa fedha kwenye simu wala "kaka nisaidie elfu tano" za mjini. Porini hakuna pa kutumia, na kwa kijana anayetafuta mtaji wa bodaboda au ada ya chuo, hiyo peke yake ni faida kubwa.

Badilisha siku za ghala ziwe 5 kwa wiki na mgeni anaongeza 195,000, ukitoa bodaboda za siku hizo 13 za ziada, 26,000. Zikiwa 3, anabaki karibu mikono mitupu. Kabla ya kuondoka nyumbani, muulize aliyefanya mwaka uliopita alifanya siku ngapi, siyo alilipwa ngapi kwa siku.

Stahiki ambazo hazionekani kwenye simu ya ofa

NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi 10. Kwenye mfano wetu mwajiri anakuongezea 19,500 kila mwezi, fedha ambayo mfanyakazi wa malipo ya mkononi haioni kamwe. Namba ya uanachama ni moja maisha yote. Kosa la vijana wa msimu ni kuandikishwa upya kila kambi, mwishowe mtu ana namba tatu zenye michango midogo midogo isiyojuana. Nenda na namba yako ya kwanza. Baada ya miezi miwili ya kazi, ulizia ofisi ya NSSF kama michango imeingia, kwa sababu kukatwa kwenye karatasi na kufika kwenye mfuko ni mambo mawili.

Fidia ya kuumia kazini hulipwa na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake ni wa mwajiri peke yake. Akikukata shilingi kwa jina la WCF, amekosea. Ukiumia, iwe gunia limekuangukia au mafuta ya korosho yamekuchubua mikono, mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, weka kumbukumbu za hospitali, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Kundi la vibarua wa ghala ndilo hupotea hapa, kwa sababu kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole: ghala linasema ni watu wa kiongozi, kiongozi anasema ni watu wa mnunuzi. Sheria ya Taasisi za Kazi ina kipimo cha kusaidia. Mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi kama, kwa mfano, anaongozwa na kupangiwa saa na mwenye kazi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Daftari la magari tulilolitaja juu linageuka kuwa ushahidi wako.

Likizo ya mwaka ni siku 28 za malipo kwa mzunguko wa miezi 12. Wengi huambiwa hawana haki nayo kwa kuwa hawajafikisha miezi sita. Sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu waziwazi kuwa anastahili likizo ya malipo, na aliyerudi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, jumla ikapita miezi sita, naye yumo. Kazi ikiisha kabla hujaichukua, hesabu ni mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Siku 78 za kambini kwenye mfano wetu ni siku 6, yaani 45,000. Idai kwenye malipo ya mwisho.

Notisi ya kuachishwa ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa wa siku au wiki, na siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza. Kiinua mgongo cha kisheria huhitaji miezi 12 mfululizo, kwa hiyo kazi ya msimu mmoja haikifikii, usiahidiwe hewa.

Makato ya hasara, kama redio ya mawasiliano iliyopotea au sahani zilizovunjika, yana mpaka: uwe umekosea kweli, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kumfyeka mtu mwezi mzima kwa sababu ya darubini ya mgeni ni kinyume cha sheria.

Mwisho kuna usafiri wa kurudi. Ukiachishwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au anakulipa fedha ya safari, na anakupa ya kujikimu mpaka utakaposafirishwa. Kwa sababu hiyo mstari wa "mahali pa kuajiriwa" kwenye mkataba si pambo. Ukiandikwa umeajiriwa kambini ilhali ulichukuliwa Tandahimba, umesaini nauli yako mwenyewe.

Na kambi za watoto za Marekani?

Wanachuo huuliza, basi tuseme. Kambi za kiangazi za huko huajiri walezi wa watoto kutoka nje kwa viza ya J-1, ya mipango ya kubadilishana, kundi la walezi wa kambi: umri kuanzia miaka 18, Kiingereza kizuri, muda usiozidi miezi minne. Mlezi haruhusiwi kuletwa kwa kazi ya kupika, kuosha vyombo au usafi. Malipo kwa kawaida hutajwa kwa msimu mzima, kambi ikitoa chakula na kitanda, na hayatakiwi kuwa chini ya anayopewa mlezi Mmarekani wa nafasi hiyohiyo. Usiyagawe kwa saa ukitarajia kima cha chini cha huko. Sheria ya Serikali Kuu ya Marekani inaziachia kambi zinazofanya kazi miezi isiyozidi 7 kwa mwaka zisifungwe na kima cha chini wala muda wa ziada. Upande wa gharama kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wenye viza kama hiyo, dola 35, ada ya maombi ya viza dola 185, ada ya mfadhili anayetoa DS-2019, fomu ya kuombea viza hiyo, tiketi ya ndege, na kwa mtu wa Mtwara, safari ya kama kilomita 560 kwenda ubalozini Dar es Salaam. Bima ni lazima, isiyopungua dola 100,000 kwa ugonjwa au ajali moja.

Lakini kwa mwenye pasipoti ya Tanzania jibu la sasa ni fupi. Kwa tangazo la Desemba 2025, Marekani ilisitisha kuanzia 1 Januari 2026 viza kadhaa kwa Watanzania, na J imo. Mtu anayekuomba leo "ada ya usajili wa kambi ya Marekani" usimpe shilingi. TaESA, kitengo cha Serikali cha huduma za ajira, wanaweza kukuthibitishia wakala yeyote kabla hujatoa fedha.

Nani achague nini

Anayelala kwao karibu na ghala, ana nguvu na ana kundi aminifu: ghalani, na ajiandikishe NSSF mwenyewe kwa hiari. Anayetoka mbali, asiye na ndugu mjini: kambini, bila kusita. Mama mwenye watoto wanaosoma na asiyeweza kulala mbali: kiwandani, akichagua kiwanda kilicho na shehena ya kutosha ya korosho ghafi, kwa sababu shehena ikiisha Februari kazi imeisha hata kama mkataba unasema Juni. Ulizia tani zilizo stoo, si idadi ya mashine.

Kuna njia nyingine ambayo kalenda yenyewe inaifungua. Kambi ya Juni hadi Septemba inamrudisha kijana nyumbani akiwa na akiba, siku chache kabla ya minada kuanza Oktoba. Anaingia ghalani akiwa na fedha ya kula zile siku za geti kimya, na hapo halazimiki kukopa kwa kiongozi wa kundi. Hofu ni moja: kambi ikirefusha msimu hadi Novemba, utachomoka katikati ya mkataba. Tarehe ya mwisho iandikwe.

Vingine vya kuandikwa kabla ya kupanda gari: kazi yenyewe, mahali, saa, mshahara na jinsi unavyohesabiwa, chakula na malazi, utaratibu wa tipu, nani analipa usafiri, na kitakachotokea wageni wakikosekana kambi ikafungwa mapema. Mwajiri asiye na karatasi bado unaweza kumtumia ujumbe wa simu: "Nimekubali kazi ya mhudumu kuanzia 10 Juni, 195,000 kwa mwezi, chakula na malazi, nauli Masasi kwenda na kurudi." Akijibu "sawa", usiufute. Siku ya kuondoka dai karatasi ya mchanganuo wa malipo na cheti cha utumishi; kambi ya mwaka ujao itakiuliza.

Fedha isipolipwa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ipo Mtwara na Lindi na haitozi ada. Fomu ni CMA F.1. Muda ni siku 60 kwa madai ya malipo na siku 30 kwa kupinga kuachishwa. Wafanyakazi wa msimu hupoteza haki zao hapa zaidi ya popote, kwa sababu huambiwa "rudi msimu ujao tutamaliza", wakarudi Juni wakati deni ni la Desemba. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana kwa sababu nzito, na ahadi ya bosi mara chache huhesabiwa kuwa sababu nzito. Deni la 20 Desemba, mwisho wake ni katikati ya Februari.